MAWINGU YA GIZA NA NYOTA ZIZALIWAZO NDANI YAKE

Ndugu msomaji, ukitoka nje ya nyumba yako baada ya sala ya Isha katika mwezi wa Januari, ukasimama mahali pasipo taa nyingi, ukaelekeza uso kaskazini na kuinua macho juu, utakiona Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho Waarabu hukiita Thuraya. Nyuma yake, upande wa mashariki, yaja nyota moja kubwa yenye wekundu. Hiyo ni Dabarani, na maana ya jina lake ni mwenye kufuata, kwa kuwa kila usiku huifuata Thuraya kama mchungaji afuatavyo kundi lake. Majina haya ni ya kale. Abdul-Rahman al-Sufi, mtaalamu wa falaki aliyezaliwa Rayy mwaka 903, aliyataja pamoja na mengine mengi katika kitabu chake cha nyota, yapata mwaka 964, huko Uajemi. Na mengi katika majina ya Kiarabu ya nyota ndiyo watumiayo wataalamu wa Ulaya na Marekani hata leo, ijapokuwa wengi wao hawajui maana yake.

Sasa tazama pale kati ya Kilimia na ncha za pembe za Ng'ombe, yaani buruji ya Thauri. Utasema hapana kitu, ila nyota chache hafifu na giza. Basi hilo giza ndilo tulitakalo kulizungumza. Mahali hapo pana wingu kubwa la gesi na vumbi, lililo umbali wa miaka-nuru 450 hivi kutoka kwetu, na ndani yake nyota zinazaliwa. Au tuseme kwa usahihi zaidi kwamba zilikuwa zikizaliwa miaka 450 iliyopita, kwani nuru tuipokeayo leo iliondoka huko zamani hizo, na habari za mbinguni hutufikia daima zikiwa zimechelewa.

Kijana mwerevu atauliza: ikiwa mahali penyewe ni giza tupu, hao wataalamu wameonaje? Hilo ni swali la haki, na jawabu lake ni refu, kwani lilichukua karibu miaka mia mbili kupatikana. Tulianze tangu mwanzo.

SHIMO AU PAZIA?

William Herschel alikuwa mpiga muziki kutoka Hannover aliyehamia Uingereza, akajifundisha mwenyewe kusugua vioo vya darubini, na mwaka 1781 akaigundua sayari ya Uranus. Katika kuzipekua mbingu pamoja na dada yake Caroline, aliona mahali fulani fulani ambapo nyota zimesongamana kama mchanga, kisha ghafula pana pengo jeusi lisilo na nyota hata moja. Alidhani kuwa hayo ni matundu, mahali palipoachwa wazi na nyota zilizokusanyika pembeni. Fikira hiyo ilikaa katika vichwa vya watu zaidi ya miaka mia.

Aliyewafanya watu watazame upya alikuwa Edward Emerson Barnard wa Marekani. Alizaliwa Nashville mwaka 1857, baba yake akiwa amekwisha fariki, katika nyumba ya umaskini mkubwa. Hakupata shule ila kidogo sana, na alipokuwa mtoto wa miaka kama tisa alipelekwa kufanya kazi katika duka la mpiga picha ili amsaidie mama yake. Kazi hiyo ya utotoni ndiyo iliyomfaa baadaye, kwani alipokuwa mtaalamu wa nyota alikuwa na mkono wa kupiga picha za anga ambao wenziwe wengi hawakuwa nao. Aliziacha sahani zake za picha zikipokea nuru kwa saa nyingi, na katika picha hizo mapengo meusi yalitokea waziwazi, mengine marefu kama mito, mengine madogo ya mviringo kama tone.

Barnard hakukubali upesi kwamba mapengo hayo ni vitu. Alisitasita kwa miaka mingi. Kisha usiku mmoja wa kiangazi katika mwaka 1913, hali mbingu ni safi na mwezi haupo, akipiga picha za ile njia nyeupe ya nyota upande wa kusini, aliona vijiwingu vidogo vya kawaida vya hewani vikipita mbele ya nyota. Kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mwangaza wa nyota nyingi, vijiwingu hivyo vilionekana vyeusi kama matone ya wino. Vilifanana mno na yale mapengo yake! Ndipo alipozidi kuamini kwamba mengi katika mapengo hayo si matundu bali ni mapazia, vitu halisi vilivyoning'inia kati yetu na nyota za nyuma. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya alama nyeusi 182, na hata leo mawingu hayo huitwa kwa jina lake na nambari: Barnard 68, Barnard 5, na kadhalika. Alifariki mwaka 1923, na kitabu chake kikubwa cha picha kikatoka mwaka 1927. Miaka mitatu baadaye Robert Trumpler alithibitisha kwa vipimo kwamba baina ya nyota kweli mna vumbi lizimishalo nuru.

Vumbi hilo si kama la barabarani. Punje zake ni ndogo sana, zakaribia zile za moshi wa sigara, nazo ni kama sehemu moja tu katika mia ya uzito wa wingu zima. Kilichobaki ni gesi, na gesi hiyo nyingi yake ni haidrojeni. Wala mtu asidhani kuwa wingu hilo ni zito kama mawingu ya mvua. Katika kiini cha wingu, mahali palipobanana hasa, ujazo wa sentimita moja kila upande una molekuli laki moja hivi. Hewa tuvutayo ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni kumi katika ujazo huo huo. Kwetu sisi lile wingu lingekuwa utupu mtupu. Lakini ukubwa wake ni wa miaka-nuru kadha wa kadha, na pazia jembamba likiwa na kina cha namna hiyo huzima nuru kabisa.

Mwaka 1947 Bart Bok, Mholanzi aliyekaa Marekani, pamoja na Edith Reilly, walitoa rai iliyowashangaza baadhi ya wenziwao. Walisema kwamba yale mawingu madogo ya mviringo huenda ndiyo mahali nyota zinapoanza kuumbika. Kwamba wingu hujikunyata kwa uvutano wake lenyewe mpaka ndani yake iwake nyota. Rai ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na ushahidi, kwani hakuna aliyeweza kuchungulia ndani. Ilibaki hivyo zaidi ya miaka thelathini.

NURU ISIYOONEKANA

Ufunguo wa mlango huo ulikuwa umekwisha patikana zamani, na aliyeupata ni yule yule Herschel aliyedhani kuwa mapengo ni matundu. Mwaka 1800 aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, ikagawanyika rangi kama upinde wa mvua, naye akaweka vipimajoto katika kila rangi ili ajue ipi ina joto zaidi. Vipimajoto vingine aliviweka kando ili vimwonyeshe joto la chumba. Akaona joto lazidi kadiri aendavyo upande wa nyekundu. Akakisogeza kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni nuru yoyote, na hapo ndipo kilipopanda kuliko kote. Kumbe iko nuru nyingine, iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo macho yetu hayakuumbwa kuiona. Leo yaitwa miale ya infraredi.

Msomaji aijua nuru hiyo ijapokuwa hakuijua kwa jina. Mhunzi akikichoma chuma, kwanza huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha karibu cheupe. Akikitoa motoni kikapoa, wekundu hutoweka. Lakini ukiusogeza mkono karibu nacho wahisi bado joto linakupiga. Chuma hicho hakijaacha kutoa miale, ila miale yake sasa imeshuka chini ya nyekundu. Kila kitu chenye joto lolote hutoa miale, na kadiri kinavyopoa ndivyo mawimbi ya miale yake yanavyorefuka. Mwili wa mwanadamu watoa zaidi miale yenye urefu wa sehemu kumi za elfu za milimita. Lile wingu la Thauri, ambalo lina baridi ya digrii 263 chini ya sifuri, yaani digrii kumi tu juu ya baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, latoa miale ya urefu wa karibu theluthi moja ya milimita.

Basi hapa pana faida mbili kwa pamoja. Ya kwanza, mawimbi marefu hupita baina ya punje za vumbi bila ya kuzuiliwa, kama vile sauti ya adhana ipitavyo katika ukungu wa alfajiri uliouficha mnara wenyewe. Ya pili, nyota changa iliyozikwa katika vumbi hulipasha joto vumbi lililo karibu nayo, na vumbi hilo huitoa tena nuru iliyoimeza, lakini kwa mawimbi ya infraredi. Kwa hiyo mtoto aliyefichwa ndani ya blanketi hujulikana kwa joto la blanketi.

Walakini palikuwa na taabu. Mvuke wa maji katika hewa yetu huimeza sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijafika chini. Na taabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba darubini yenyewe ina joto, na hewa ina joto, na mtazamaji ana joto. Vyote vyatoa infraredi. Kutazama infraredi ya mbali kwa darubini ya kawaida ni kama kumtafuta kimulimuli mchana, kwa darubini iliyotengenezwa kwa taa ziwakazo.

Waliotangulia walijaribu katika vilele vya milima. Mwaka 1967 Eric Becklin na Gerry Neugebauer walitangaza kwamba katika kundi la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion, wamekiona kitu kingʼaacho sana kwa infraredi ambacho kwa macho hakionekani hata kidogo: nyota changa, kubwa, imezama katika vumbi. Wengine wakapanda ndege zirukazo juu ya mvuke. Lakini kwa zile nyota ndogo za mfano wa jua letu ilibidi kutoka nje ya hewa kabisa. (Wasomaji wetu wa pwani ya Kenya wapenda kukumbuka kwamba chombo cha kwanza cha kutazama miale ya eksi ya nyota kilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, nacho kikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa nchi. Miale ya eksi ni mingine, lakini haja ya kuikimbia hewa ni ile ile.)

MIEZI KUMI

Tarehe 25 Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza kwa pamoja zilirusha chombo kilichoitwa IRAS. Darubini yake haikuwa kubwa, kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 57 tu. Ajabu yake ilikuwa baridi. Darubini nzima iliwekwa ndani ya chupa kubwa ya heliamu ya maji, mfano wa chupa ya chai, ikapozwa mpaka ikakaribia ile baridi ya mwisho. Heliamu ile ilikuwa ikifuka kidogo kidogo kwenda angani, wala hapakuwa na njia ya kuijaza tena. Kila mtu aliyehusika alijua kwamba siku itakapokwisha darubini itapata joto, nayo itapofuka. Ilikwisha Novemba mwaka ule ule. Katika miezi hiyo kumi IRAS ilikuwa imepitia karibu mbingu zote.

Katika mambo yaliyopatikana mimi nalipenda moja kuliko mengine yote. Kabla ya hapo Philip Myers na Priscilla Benson walikuwa wamepima kwa mawimbi ya redio vile viini vilivyobanana ndani ya mawingu ya giza, na kwa macho vilikuwa havina kitu. Charles Beichman na wenzake walipolinganisha orodha ya viini na picha za IRAS, wakaeleza mwaka 1986 kwamba karibu nusu ya viini hivyo vina kitu chenye joto ndani yake. Katika kila viini viwili vilivyodhaniwa ni giza tupu, kimoja kina mtoto! Na mwaka 1990 João Yun na Dan Clemens, walioyachunguza yale mawingu madogo ya Bok kwa picha hizo hizo, waliandika katika anwani yenyewe ya makala yao kwamba Bart Bok alisema kweli. Mzee Bok hakuisoma. Alifariki mwaka 1983, wakati IRAS ingali inazunguka.

Baadaye wataalamu waliwapanga watoto hao kwa umri. Charles Lada, mwaka 1987, aliwagawa katika madaraja matatu kwa kutazama ni kiasi gani cha nuru yao chatoka katika vumbi, kama vile mkunga ajuavyo umri wa mtoto kwa kumtazama tu. Kisha mwaka 1993 Philippe André na wenzake wakaona kwamba wako wachanga zaidi ya daraja ya kwanza, ambao sehemu kubwa ya uzito wao bado imo katika lile blanketi wala haijaangukia katika nyota. Madaraja yalikuwa yamekwisha pewa nambari tangu moja, ikawabidi hao waitwe daraja ya sifuri. Tangu wingu lianze kuanguka mpaka nyota ivue blanketi lake, hukadiriwa kuwa hupita miaka kama nusu milioni. Kwa nyota hiyo ni muda mfupi mno. Jua letu lina umri wa miaka bilioni nne na nusu, na nyota za Kilimia zina miaka kiasi cha milioni mia, nazo bado huhesabiwa kuwa ni vijana.

FUMBO LA NURU HABA

Sasa tufike penye tatizo, kwani mtu asiseme kuwa mambo yamekwisha. Gesi inapoanguka juu ya nyota changa hugonga kwa kishindo, na kishindo hicho hugeuka joto na nuru. Ukijua uzito utakaotimia na muda uliopo, unaweza kupiga hesabu nyota ing'ae kiasi gani. Mwaka 1990 Scott Kenyon na wenzake walizipima nyota changa za Thauri, wakaona kwamba zilikuwa hafifu kwa kiasi cha mara kumi kuliko hesabu. Ikiwa zala kidogo namna hiyo, zitakuaje?

Jawabu walilolitoa ni kwamba huenda nyota hazili kwa utaratibu. Hukaa muda mrefu zikidonoa, huku gesi ikikusanyika katika sahani izizungukayo. Kisha sahani hujaa, ikamwagika, nyota ikameza kwa pupa na kuwaka mno. Mfano wa jambo hilo ulikuwa umekwisha onekana: nyota iitwayo FU ya Orion, iliyokuwa hafifu sana, mwaka 1936 ilianza kuwaka ghafula ikazidi zaidi ya mara mia, na mpaka leo haijarudi ilikokuwa. Wengi wameipokea rai hiyo. Lakini kujua ni sehemu gani ya uzito wa nyota hupatikana kwa kumeza na ni sehemu gani kwa kudonoa, hilo bado wanalibishania.

Jambo hili lilizidi kuwa gumu chombo cha pili kiliporushwa. Hicho kilikuwa Spitzer, cha Marekani, kilichopaa Agosti 2003 kikiwa na kioo cha sentimita 85. Miongoni mwa mawingu ya kwanza kuelekezwa lilikuwa moja liitwalo L1014, lililoko katika kundi la Dajaja, yule kuku wa Waarabu ambaye Wazungu wamemfanya bata-maji. Wingu hilo lilikuwa limetazamwa kwa redio, na IRAS ilikuwa imepita juu yake, na wote walikubaliana kuwa ni tupu. Lilichaguliwa kwa sababu hiyo hasa, liwe mfano wa wingu lisilo na nyota. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba katikati yake imeonekana nukta ya infraredi, hafifu, isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya nuru ya jua.

Palikuwa na wenye shaka, na walikuwa na haki. Nukta katika picha haina maandishi yasemayo iko umbali gani. Huenda ilikuwa nyota nyingine kabisa, mbali nyuma ya wingu, iliyotokeza kwa bahati katikati. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa maneno. Tyler Bourke na wenzake walikwenda kutafuta alama ambayo nyota changa peke yake huwa nayo: nyota inayokula hutupa pia, hutoa mikondo miwili ya gesi, mmoja juu na mmoja chini. Mwaka 2005 wakaeleza kwamba wameuona mkondo mdogo, dhaifu, ukitoka pale pale kwenye nukta. Basi ile nukta imo ndani ya wingu. Kama itakua ikawa nyota kamili, au itabaki kibete kisichoweza kuwasha moto wake, hilo litategemea ni kiasi gani cha gesi kitakachoifikia. Na baada ya hapo mawingu mengine kadha yaliyokuwa yakiitwa matupu yalichunguzwa tena, yakakutwa na nukta za namna hiyo. Neno lile "tupu" likawa halitumiki tena kwa wepesi kama zamani.

Heliamu ya Spitzer ilikwisha Mei 2009, na chombo kikaendelea kwa mawimbi mafupi tu mpaka kilipofungwa tarehe 30 Januari 2020. Lakini katika mwezi ule ule wa Mei 2009 nchi za Ulaya zilikuwa zimerusha chombo chao, wakakiita Herschel kwa kumkumbuka yule mwenye vipimajoto. Kioo chake kilikuwa na upana wa mita tatu na nusu, na hicho kiliweza kuyaona si joto la nyota changa tu bali mwanga wa wingu baridi lenyewe. Picha zake zilionyesha kwamba mawingu si mafungu ya pamba kama yalivyodhaniwa. Ndani yamejaa nyuzi, nyuzi ndefu zilizosukwa na kupindana, na viini vyenye kuzaa nyota vimepangika juu ya nyuzi zilizo nene kama shanga. Zaidi ya lita elfu mbili za heliamu zilikwisha Aprili 2013, nacho kikanyamaza.

Chombo kilichopo sasa ni kile cha Webb, kilichopaa tarehe 25 Desemba 2021, chenye kioo cha mita sita na nusu na mwavuli wa matabaka matano wa kukikinga na jua. Sehemu yake inayohitaji baridi kali zaidi hupozwa kwa heliamu izungukayo ndani ya mashine bila ya kupotea, kwa hiyo hakina ile siku ya kufa iliyohesabiwa tangu mwanzo. Novemba 2022 ilitolewa picha yake ya L1527, nyota changa iliyomo katika wingu letu la Thauri, yenye umri wa miaka laki moja hivi, nayo ni ya ile daraja ya sifuri. Yafanana na kioo cha kupimia saa kwa mchanga: pande mbili pana zilizochimbwa na mikondo yake, na shingo nyembamba katikati. Katika shingo hiyo umepita mstari mweusi, na mstari huo ndio sahani ya gesi na vumbi tuionayo kwa ubavu. Sahani za namna hiyo ndizo zifanyazo sayari. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba chombo hicho hicho kimetazama nyota zilizo nyuma ya wingu jingine, liitwalo Chamaeleon I, na katika nuru yao iliyopenya wingu zikasomeka alama za barafu zilizoganda juu ya punje za vumbi: ya maji, ya kaboni dioksidi, ya amonia, ya methani, na ya methanoli ambayo ni aina ya spiriti. Maji yalikuwako kabla ya nyota.

Bado limebaki swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Kundi letu zima la nyota, lile lenye jua na hizi zote tuzionazo, huzaa kila mwaka nyota zenye uzito wa jua moja au mawili. Gesi ya baridi iliyopo ni nyingi mno. Lau mawingu yote yangeanguka bila ya kizuizi, uzazi huo ungezidi zaidi ya mara mia. Ni nini kinachoyazuia? Wengine husema ni usumaku ulioshikamana na gesi, wengine ni misukosuko iliyomo ndani ya mawingu, wengine ni nyota zenyewe ambazo zikishazaliwa huwapulizia mbali wenzao waliotaka kuzaliwa. Yaelekea kila mmoja ana sehemu ya kweli, lakini kipimo cha kila sehemu hakijapatikana.

Na lile tone la wino la Barnard, nambari 68? João Alves na Charles Lada na Elizabeth Lada walilitazama kwa infraredi kutoka milima ya Chile, wakazihesabu nyota 3,708 zilizo nyuma yake, ambazo zaidi ya elfu moja hazionekani kwa nuru ya kawaida kabisa. Kwa kupima jinsi kila nyota ilivyopunguziwa nuru yake waliweza kulichora wingu lote kama daktari achoravyo kifua kwa eksirei, na mwaka 2001 wakaeleza kuwa lina uzito wa jua kama mawili, na upana wa nusu mwaka-nuru, na kwamba uvutano wake na msukumo wake vimekaribia kulingana sawasawa. Ndani yake mpaka sasa hakujaonekana nyota. Alves na Andreas Burkert walipiga hesabu baadaye wakasema kwamba kijiwingu kidogo kinalisogelea ubavuni, na kitakapoligonga mizani itavunjika, nalo litaanza kuanguka. Muda walioutaja ni miaka laki mbili hivi.